Miezi Minne Nikiisingizia Konrodi

Ilianza asubuhi moja ya masika, mwezi wa nne mwaka 2024. Nilikuwa nimewasha Land Rover uani, nimeiacha sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ipate moto huku namalizia chai, nikasikia kama mtu anagonga kikombe cha bati kwa kijiko. Ko, ko, ko, ko. Nikadhani ni mfuniko wa sufuria unacheza jikoni. Nikaenda kuzima jiko. Jiko likazima, ko ko ikaendelea.

Gari hili ni la marehemu baba. Ni toleo la Series III, 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), la mwaka 1979, injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo kutu imelila fremu ikaacha milango inang'aa, jambo linalowadanganya sana wanunuzi. Mimi sina nia ya kuliuza. Nafundisha hesabu shule ya sekondari hapa Moshi, na Jumamosi zangu nyingi zimeishia chini ya boneti hilo, mwanzoni nikiwa mshika tochi wa baba, baadaye nikiwa peke yangu.

Fundi wa kwanza kuisikia alikuwa kijana wa gereji moja kule Pasua. Hakufungua hata boneti. Alisimama mbele ya gari, akainamisha kichwa, akasema, "Konrodi hiyo, mwalimu. Beringi zimeisha. Hapo ni kushusha injini."

"Umejuaje?"

"Injini hizi za zamani ndiyo ugonjwa wao."

Konrodi ni fito ya chuma inayounganisha pistoni na kranki shafti, ule mhimili mkuu unaozunguka chini ya injini. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Injini za petroli za aina hii zilizotengenezwa kabla ya 1980 zina kranki shafti iliyokalia beringi kubwa tatu tu. Baadaye kiwanda kiliongeza zikafika tano. Ya baba ni ya beringi tatu. Fundi yeyote anayelijua hilo, akisikia chuma kinagonga, kichwa chake hukimbilia huko chini. Bei aliyonitajia ilikuwa shilingi 1,800,000, spea mbali. Nikamshukuru, nikaondoka.

Wa pili naye akasema konrodi. Wa tatu akasema pini ya pistoni, lakini tiba ilikuwa ile ile, kushusha injini. Ninavyoona sasa, wote watatu walinipa jina la ugonjwa kabla hawajamgusa mgonjwa, na mimi mwenyewe nikalipokea jina hilo kwa sababu lilinitisha. Ukishatishika unafanya mambo ya ajabu. La kwanza nililofanya ni kumwaga oili ya 20W-50 na kutia nzito zaidi, nikiamini kwamba kama beringi zimelegea, oili nzito itaziba nafasi. Asubuhi iliyofuata stata ikazunguka kwa shida kama mtu anayekoroga ugali wa harusi. Injini ikawaka, ko ko ikawa palepale.

Kisha nikashuku gasketi ya manifodi ya eksozi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Hilo halikuwa wazo baya. Gesi ikivuja penye gasketi iliyoungua hutoa mlio mkavu wa tak tak unaofanana sana na chuma kugonga chuma, na mara nyingi hupungua injini ikipata moto kwa sababu chuma hutanuka na kuziba ufa. Nilifungua manifodi, nikakuta gasketi kweli imeungua pembeni. Nikafurahi! Nikaweka mpya, nikakaza nati zote kwa zamu, nikawasha. Injini ikatulia kidogo, harufu ya moshi ikaisha. Na ko, ko, ko, ko.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba gari la miaka arobaini na mitano halina kosa moja. Lina makosa saba, na sita kati yao si yale unayoyatafuta. Kila utakachofungua utakikuta kibovu, na kila kibovu kitakushawishi kwamba ndicho chenyewe.

Nikaliegesha. Mwezi wa sita wote na wa saba nilikuwa naliwasha Jumapili tu, dakika tano, kisha nalizima kwa uchungu. Binti yangu, aliyekuwa likizo kutoka chuo, akaniambia, "Baba, gari linakufa kwa kuogopwa." Sikumjibu. Lakini yeye ndiye aliyechukua simu, akairekodi sauti ile akiwa amesimama karibu na bampa, akaicheza kwa mwendo wa nusu. Tukakaa barazani tukiihesabu. Midundo ilikuwa sawasawa kabisa, haikosi hata mmoja. Tulipata kama mitano kwa sekunde moja ya kweli.

Mitano kwa sekunde ni mia tatu kwa dakika. Injini hii ikiwa sailensa inazunguka mara kama mia sita kwa dakika. Sina mita ya mizunguko kwenye dashibodi, Series III haikuja nayo, hivyo mia sita yangu ilikuwa ya kukisia. Lakini nusu ni nusu. Ndani ya injini ya mipigo minne kuna kitu kimoja kikubwa kinachozunguka nusu ya mwendo wa kranki, nacho ni kamshafti, mhimili unaofungua vali. Uwiano naufundisha darasani na sikuwahi kufikiria kuutumia uani kwangu.

Nikampigia simu mzee mmoja anayeishi njia ya Himo. Aliwahi kufanya kazi karakana ya serikali enzi ambazo kila idara ilikuwa na Land Rover, na baba alikuwa akimwita "daktari". Amestaafu zamani, macho yamefifia, lakini masikio yake bado. Aliniambia nilipeleke gari lenyewe. "Liendeshe. Usilibebe kwenye lori. Likifia njiani tutajua."

Nililiendesha. Na njiani nikapata dalili ambayo ningeipata mwezi wa nne kama nisingekuwa mwoga. Kwa mzee ni mbele kidogo ya Himo, ukiwa umeshika njia ya kupanda kwenda Marangu. Kwenye mpando ule nilikanyaga mafuta, gia ya tatu, injini imebeba mzigo, nikangoja konrodi initoboe bloku. Sauti ikafifia. Nilipoachia mafuta kwenye mteremko mfupi, ikarudi. Konrodi yenye beringi iliyoisha hufanya kinyume: hugonga zaidi ikibebeshwa mzigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Hiyo sauti umekuja nayo toka Moshi?"

"Toka mwezi wa nne."

"Pole yake." Alimaanisha gari.

Hakuniuliza mafundi walisema nini. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: kabla ya sauti kuanza, kitu gani cha mwisho kiliguswa kwenye injini? Nikamwambia hakuna. Akaniangalia. Nikafikiri tena, nikasema plagi nilibadilisha mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili pampu ya mafuta ilikuwa inavuja, fundi mmoja wa barabarani akaifungua akaweka kiwambo kipya, ule utando unaovuta petroli. Lakini hiyo ilikuwa miezi miwili kabla ya sauti, nikaongeza haraka. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyehifadhi kitu mfukoni, akasema tuanze mwanzo.

Kwanza alitaka kujua kama mlio unahusiana na moto wa silinda yoyote. Aliniagiza nichomoe waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inawaka, kwa koleo lenye mpira na kitambaa kikavu, maana umeme ule ukikupiga utaukumbuka. Ukiua silinda yenye konrodi mbovu, kugonga kwake hupungua au hubadilika, kwa sababu mlipuko unaoisukuma konrodi haupo tena. Ukiua silinda yenye eksozi inayovuja, mlio hufifia pia. Nilichomoa namba moja: injini ikayumba, sauti ile ile. Mbili, tatu, nne: sauti ile ile, haikutikisika. Kwa dakika tatu hizo nilikuwa nimeokoa shilingi milioni moja na laki nane, nikahisi magoti yamelegea.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Alinishikisha waya wa namba moja kwa koleo, niusogeze pembeni ya plagi kidogo tu, kiasi cha unene wa sarafu, ili cheche iruke hewani. Silinda ikaendelea kuwaka, lakini sasa cheche yenyewe ilisikika: tak, tak, tak. Akainua kidole. "Sikiliza cheche, halafu sikiliza ugonjwa wako." Zilikwenda pamoja. Cheche moja, ko moja. Plagi moja hupata moto mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Nikamwambia kwa fahari kwamba mimi na binti yangu tulishahesabu hilo kwa simu. Akasema vizuri, lakini simu yenu haikujua injini inazunguka mara ngapi, cheche inajua. Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo tulibaki na mambo ya kamshafti: vali, cheni, distribyuta, na pampu ya mafuta.

Vali zilikuwa nane na mzee alizitaka zote. Hapa niliweza kuonyesha kwamba si mgeni kabisa. Tapeti za injini hii, yaani nafasi za vali, hurekebishwa kwa kanuni ya tisa ambayo baba alinifundisha nikiwa darasa la tano: unazungusha kranki kwa hendeli ya mbele mpaka vali namba moja ikandamizwe kabisa, hapo unarekebisha namba nane, ikizama ya pili unarekebisha ya saba, na kuendelea, daima jumla ni tisa. Nafasi ni sehemu kumi kati ya elfu za inchi moja, yaani milimita 0.25, za kuingilia na za kutolea zote sawa. Tulikuta mbili zimelegea, tukazikaza. Ko ko haikujali. Mzee akaingiza fila geji, kile kibapa chembamba cha kupimia nafasi, kwenye rokaamu (mikono inayokandamiza vali) moja moja injini ikiwa sailensa, oili ikiturukia kifuani. Tapeti iliyolegea hunyamaza ukiijaza nafasi yake. Hakuna iliyonyamaza.

Feni belti tuliiondoa kwa dakika moja ili wota pampu na alteneta visimame. Hilo lilikuwa la kukamilisha tu, kwa sababu vitu vile haviendi kwa mwendo wa kamshafti. Mzee hapendi kuacha mlango wazi nyuma yake.

Halafu mpira. Watu wengi huweka bisibisi ndefu sikioni, na mimi nilikuwa nimefanya hivyo wiki nyingi. Tatizo la bisibisi ni kwamba inasikia chuma, na chuma kinasambaza sauti kama habari za msiba mtaani: unazipata nyumba ya kumi zikiwa na nguvu kuliko pale zilipotoka. Mimi kwa bisibisi nilikuwa nimesikia mlio kila mahali, na mahali pa nguvu kuliko pote ni karibu na sampo, bakuli la oili chini ya injini, ndiyo maana nikaamini konrodi. Mzee alitumia kipande cha mpira wa maji, kama mita moja, ncha moja sikioni na nyingine akiitembeza hewani bila kugusa kitu. Mpira unasikia kile kilicho mbele ya tundu lake tu. Alipita kwenye distribyuta, akapita kwenye mfuniko wa cheni, akarudi ubavuni ilikofungwa pampu. Akasimama hapo. Akanipa mpira.

Ilikuwa kama mtu aliyemo ndani ya pampu anaomba kufunguliwa.

Nilitaka kuifungua hapo hapo. Mzee akakataa, akasema mpaka tuisikie injini bila pampu hatujui kitu. Lakini injini bila pampu inapata wapi mafuta? "Tutamtundikia dripu," akasema, na mjukuu wake akaenda kuleta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye mpira mwembamba. Mafundi wa barabarani wote wanaijua dripu hii: chupa inafungwa juu kuliko kabureta, petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake. Ni kitu cha hatari, nisifiche. Petroli iko juu na eksozi ya moto iko chini. Mzee alifunga chupa kwenye mti, mbali na gari kadiri mpira ulivyoruhusu, akamweka mjukuu na ndoo ya mchanga, na akasubiri injini ipoe nusu saa nzima huku mimi najing'ata kucha. Bomba la kutoka kwenye tangi tuliliziba kwa bolti. Tundu la pampu tuliliziba kwa bati lililokatwa kwenye mkebe na gasketi ya boksi.

Tukawasha.

Sijui niandike vipi kuhusu kimya kile. Injini ya Land Rover haina kimya; kuna vali zinazochekacheka, kuna feni, kuna fremu inayotetemeka. Lakini ko ko haikuwepo. Niliinama nikaitafuta, kama mtu anayetafuta jino lililong'olewa kwa ulimi. Mzee aliiacha iungurume dakika mbili, akaniambia nizime, kwa sababu dripu si kitu cha kuchezea.

Pampu ilikuwa mezani. Ni chombo rahisi: mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini na kusukumwa na kamshafti, mkono unavuta kiwambo, kiwambo kinavuta petroli. Kabureta ikijaa, mafuta hayana pa kwenda, kiwambo kinabaki kimeshikwa chini na mkono unacheza peke yake bila kazi. Wakati huo kinachoubana mkono usiachane na kamshafti ni springi ndogo moja. Ya kwangu ilikuwa imekatika. Mkono ulikuwa unarushwa na kamshafti, unaanguka, unagonga, unarushwa tena, mara moja kwa kila mzunguko wa kamshafti. Kwenye mpando wa Marangu, injini ilipokunywa mafuta mengi, kiwambo kilipata kazi na mkono ukapata wa kuushika; ndiyo maana sauti ilififia. Pini ya mkono nayo ilikuwa imelika, unauyumbisha kwa vidole kushoto na kulia.

Mzee aliishika springi kwenye mwanga. Akasema si ya pampu hii. Waya wake ulikuwa mwembamba na ncha moja ilikuwa imekunjwa kwa koleo. Yule fundi wa mwezi wa pili aliipoteza ya asili alipokuwa akiweka kiwambo, akatafuta iliyofanana. Ilidumu miezi miwili. Sina hasira naye sana. Alitoza shilingi elfu kumi na tano na alinisaidia kwenye jua kali. Ila angeniambia.

"Nusu yake iko wapi?" mzee akauliza.

Springi iliyokatika ilikuwa na nusu moja tu. Upande ule wa mkono uko wazi kuelekea ndani ya injini, hivyo nusu ya pili ilikuwa imedondoka humo. Kipande cha waya wa chuma, mahali fulani kati ya kamshafti na sampo, kwa miezi minne, na mimi nikiliwasha kila Jumapili kama dawa.

Kazi hiyo ilitula siku mbili. Tulimwaga oili yangu nzito kupitia kitambaa: hakuna. Tulipitisha sumaku iliyofungwa kwenye waya: ikatoka na tope la kijivu tu. Mzee akasema tushushe sampo. Kushusha sampo ukiwa umelala juu ya kipande cha boksi, oili inakudondokea sikioni, bolti moja imekataa na nyingine inazunguka bure, ni kazi inayokufanya umkumbuke kila mtu aliyewahi kulimiliki gari hilo. Kipande kilikuwa kimelala kwenye kona ya sampo, kimezama kwenye uji mweusi, mbali na chujio la pampu ya oili. Nilikiosha kwa petroli nikakilinganisha na kile cha mezani. Vikakutana.

Kwa kuwa sampo ilikuwa chini tayari, mzee alifungua kikombe kimoja cha konrodi, cha namba tatu, ili tu anionyeshe. Beringi ilikuwa na mikwaruzo ya uzee, lakini nzima. Akakifunga bila kusema neno. Nilielewa kwamba neno lilikuwa langu la kusema, nami sikulisema.

Pampu mpya niliipata Arusha kwa shilingi 85,000, haina kile kikombe cha kioo chini, nacho nilikipenda kwa sababu ukikitazama unaona uchafu na maji kabla havijafika kwenye kabureta. Kabla ya kuifunga mzee aliniambia niweke mkono wa mpya na wa zamani sambamba, nipime mkunjo na urefu, kwa sababu pampu zinafanana kwa nje na mkono mrefu kidogo unaweza kuvunjika au kuumiza kamshafti. Ilikuwa sawa. Nilipotaka kumlipa alikubali nusu ya nilichotoa, akaomba na pampu mbovu. Kioo chake, alisema, kuna mtu atakihitaji.

Mwezi wa kumi nililipeleka gari Arusha kwenye tamasha la Land Rover, binti yangu pembeni, kilomita kama themanini bila kuinua boneti. Kulikuwa na magari ya kila umri kwenye msafara ule, mengine mapya yasiyojua hata vumbi ni nini, mengine makuukuu kuliko letu. Tulitembea kwa mwendo wa harusi, gia ya kwanza na ya pili, jua kichwani, na kati ya injini zote zile nilikuwa nasikiliza moja tu.

Tuliporudi tulipitia kwa mzee kumpelekea picha. Alizitazama kwa adabu, karibu na uso, kisha akaniambia niwashe. Alisimama ubavuni na mpira wake wa maji dakika nzima.

"Pampu nzuri. Tapeti ya sita imelegea kidogo."

Mimi sikusikia chochote. Jumamosi iliyofuata injini ikiwa baridi nilifungua mfuniko, nikazungusha hendeli mpaka ya tatu ikazama, nikaingiza fila geji kwenye ya sita. Ya 0.25 ilipita bila kugusa popote. Ya 0.30 ikakwaruza kidogo, ikaingia.